Farasi wa Udongo

"Mjomba, nimechoka kuitwa shule kwa ajili ya uongo wako! Huyu mtoto nilimzaa na mdomo mmoja, ukanitosha. Wewe umemshonea wa pili!"

Hayo Mama Chaki aliyasema kabla hata hajavua viatu. Mkoba ulikuwa bado begani, na mkono wa kulia ulikuwa umemkamata binti yake kwenye kola, kama mtu anayerudisha nguo yenye kasoro kwa fundi aliyeishona.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na kazi hiyo moja, kutenganisha mwanga na giza. Alikuwa kaka wa marehemu mama yake Mama Chaki, na watu walimwita Kipaza, kwa kuwa enzi zake sauti yake ilivuka barabara bila msaada wa umeme.

"Uongo gani, mwanangu?" akauliza kwa upole. "Taja, maana mimi ninao mwingi."

"Usinichekeshe, sitaki kucheka! Chiriku, mwambie Babu ulichosema darasani. Sema! Leo mdomo umeenda wapi?"

Chiriku alikuwa darasa la nne, na jina hilo la utani alilipata kihalali, kwa yule ndege anayepiga kelele tangu alfajiri. Lakini saa hiyo alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake kama ameviazima.

Basi mama akasema mwenyewe. Mwalimu alikuwa amewataka watoto wasimame mmoja mmoja waeleze kazi za wazazi wao. Zamu ya Chiriku ilipofika, alisema baba yake ni fundi wa taa chini ya bahari. Anawafungia samaki taa za barabarani wasigongwe na meli. Akaeleza jinsi balbu zinavyobadilishwa, jinsi papa wanavyogoma kulipa bili, na kwa nini pweza ndiye msaidizi bora, maana anashika bisibisi nane kwa mpigo. Darasa zima likaamini. Hapo pasingekuwa na neno, watoto ni watoto. Lakini kesho yake mzazi mmoja, fundi umeme aliyekaa muda mrefu bila kazi, alifika shuleni na shati la pasi, akaomba aonyeshwe ofisi ya taa za baharini iko wapi.

"Alikuja na vyeti, Mjomba! Vyeti, kwenye bahasha!"

Chai ilimpalia Kipaza. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mama Chaki hakujua kama mzee analia au anacheka. Akaamua anacheka, akazidi kupanda.

"Baba yake anauza magodoro! Yuko hapo ng'ambo ya daraja, na mke mwingine, mzima wa afya, anauza magodoro! Na huyu anajua, mimi mwenyewe nilimwambia siku ile ile."

Ni kweli alimwambia. Mume alipoondoka, Mama Chaki hakumtafutia mtoto maneno ya kuzungushazungusha. Alimpakulia chakula, akasema, "Baba yako ameoa kwingine, harudi. Kula kabla hakijapoa." Hivyo ndivyo alivyolea: ukweli wa moto, bila sukari. Na hata kazini alilipwa kwa tabia hiyo. Kwenye kiwanda cha kushona mashuka ya hospitali na sare za shule, yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ya mwisho, kila nguo inapitia mikononi mwake. Kishikizo kikilegea, pindo likipanda, uzi ukiruka, alipiga alama kwa chaki, ndiko lilikotoka jina lake, na nguo ikarudi kwa mwenyewe. Mafundi walisema siku akifa ataikagua sanda yake kwanza, na atairudisha.

"Kuanzia leo," akasema, "hadithi basi. Sitaki kusikia jini, sitaki zimwi, sitaki pweza mwenye bisibisi. Na Jumapili kaka anakuja kukuchukua, ukakae kwake. Kule wanaishi wanaume tu, hakuna mtoto wa kuharibu."

Kipaza hakubisha. Akapapasa meza, akaweka kikombe chini bila kugonga.

"Sawa, mama," akasema. "Nimefunga."

Mama Chaki alitegemea ugomvi. Alikuwa ameshaandaa na maneno ya akiba. Yule mzee kufunga mdomo kama duka kulimuudhi kuliko kama angejibu.

Na alifunga kweli. Siku zilizofuata lililotoka kinywani mwake ni ndiyo, hapana, asante, nimeshiba. Chiriku naye akawa mtu mwingine. Aliambiwa aseme kweli, basi akasema kweli. "Mama, chumvi imezidi." "Mama, jirani anasema una sauti kama kengele ya shule." "Mama, hiyo nguo imekubana." Mambo ambayo zamani angeyasema kwa mbwembwe mpaka ucheke, sasa aliyasoma kama mtu anayetaja bei sokoni. Akimaliza kula, anapanda kitandani, anatazama ukuta. Siku moja akauliza, "Babu akienda, ataendelea kutuona?"

"Kwani sasa hivi anatuona?" akajibu Mama Chaki, na neno lilipotoka alitamani alirudishe kwa alama ya chaki. Lakini neno si shuka.

Jumamosi, akitoka kazini, alipita kwenye kibanda cha kijana mmoja anayejaza filamu kwenye flashi. Hapo nje kuna televisheni inayowashwa mchana kutwa kuvuta wateja. Mama Chaki hakuwa mtu wa kusimama mbele ya televisheni za watu. Siku hiyo alisimama mpaka mwenye mkokoteni akamtukana.

Kwenye kioo alikuwa anakimbia farasi wa udongo. Rangi ya chungu kibichi, nyufa shingoni, na kila anapokanyaga anadondosha vumbi jekundu. Moyo wa Mama Chaki uliruka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni katikati ya umati.

Alimjua yule farasi. Alikuwa hata kimo cha meza hajafikia alipomwona. Mama yake alikuwa amefariki karibuni, na Mjomba Kipaza ndiye aliyewachukua, yeye na kaka yake. Mjomba hakuwa na nyumba ya kueleweka. Alikuwa na banda la video: mabenchi, televisheni moja, deki moja, jenereta linalonguruma nje, na nyuma kachumba kalikotenganishwa kwa magunia. Humo ndimo walimolala wale yatima wawili. Filamu zilikuja kwenye kanda kutoka nchi za mbali, kwa lugha ambazo hakuna aliyezisikia, na kazi ya Kipaza ilikuwa kusimama kando ya kioo na kipaza sauti, awatafsirie watu. Mwanamke akifungua mdomo kule, Kipaza anasema kike hapa. Farasi akilia, analia. Watu walitoka mitaa mingine kumfuata yeye, si filamu.

Na filamu ya farasi wa udongo ilikuwa mama wa filamu zote. Kuna binti mwenye nywele nyeupe, amefungwa kwenye jumba la mfalme asiyepata usingizi. Mfalme anataka farasi wa ajabu wa binti huyo. Vita vinapiganwa. Mwisho binti anampulizia farasi pumzi yake yote ili aokoe watu, na yeye mwenyewe anageuka udongo. Mvua inanyesha. Inamyeyusha mbele ya macho yenu, vidole, pua, nywele, mpaka anabaki tope. Banda zima linalia. Halafu, wakati umeshakata tamaa, unamwona yule yule binti kando ya mto, nywele nyeusi, kijana kuliko kwanza, mikono kwenye tope mpaka kwenye viwiko, anacheka! Tope liliingia mtoni, na baba yake mfinyanzi alichota udongo pale pale. Baba anamtazama, anasema, "Udongo haufi, hubadili chungu." Binti anafinyanga farasi mpya, anapanda, anakwea mlima kwenda kumdai mfalme pumzi yake. Mwisho.

Mama Chaki, mwanamke asiyeamini hata utabiri wa mvua, aliliamini neno hilo kuliko alivyoamini daktari. Udongo haufi, hubadili chungu. Alilisema kwenye misiba. Alimwambia mwenzake wa kiwandani aliyeharibikiwa mimba. Alijiambia mwenyewe usiku ule mume alipobeba sanduku. Hakuiweka filamu ile kwenye kapu la uongo. Kwake ilikuwa kitu kilichotokea.

Akainunua filamu ile kwenye flashi. Alijiambia ni ya kumuaga mzee, maana hata kama unamfukuza mtu humfukuzi mikono mitupu. Na pia, akawaza, Chiriku naye aone hadithi yenye maana, aache mambo ya pweza.

Jumapili mchana kaka yake akafika na gari la kuazima. Kaka huyu alikuwa fundi wa matairi, na wote walimwita Tairi. Hata akioga mara tatu, mikono yake ilibaki na weusi wa kazi. Akalitupa begi la Kipaza nyuma ya gari, akasema, "Twende, Mjomba, jua kali."

"Subiri kwanza," akasema Mama Chaki. "Kaa. Nina kitu." Akachomeka flashi kwenye televisheni.

Tairi alipomwona yule farasi kwenye picha ya mwanzo aliruka kama mtoto. "Wewe! Ile ya binti aliyefufuka? Umeitoa wapi? Mjomba, farasi wa udongo!"

Mkono wa Kipaza uliokuwa gotini ulitulia, na shingo ikainuka kidogo, kama ya mtu aliyesikia hatua za anayemdai.

Filamu hii ilikuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha, hivyo Mama Chaki akasogeza kigoda, akasema atamsomea mzee. Akaanza.

Picha ya kwanza: mto. Binti wa nywele nyeusi, mikono kwenye tope, anacheka.

"Ah," akasema Mama Chaki. "Wameanza mwishoni. Yule kijana kaniuzia mali mbovu. Kesho atanitambua."

"Acha iende, itarudi," akasema Tairi.

Baba mfinyanzi akatokea, akamtazama binti, akafungua mdomo. Mama Chaki alishamtangulia, midomo inatikisika, maneno anayo kwa moyo. Akatupa jicho chini ya picha ili ayasome.

"Soma basi," akasema Tairi. "Udongo haufi..."

"Haijaandikwa hivyo."

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa, 'Nawa mikono, chakula kinapoa.'"

Tairi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Ndivyo ilivyoandikwa. Nawa mikono, chakula kinapoa.

Mama Chaki alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Misiba yote ile! Yule mwenzake aliyelia begani kwake, akashika mkono wake, akasema, "Asante, dada, nitalikumbuka neno hilo." Nawa mikono, chakula kinapoa!

Lakini si mtu wa kuacha nguo nusu. Akaendelea kusoma. Mzee mmoja wa ndevu ndefu anayeimba ndani ya maji, ambaye wao walimjua kama jini la mto, kumbe alikuwa karani wa kodi, na wimbo wake ulikuwa orodha ya wanaodaiwa. Binti akafinyanga farasi, akapanda, akakwea mlima, jua mgongoni. "Mwisho," akasema Mama Chaki kwa nguvu, kana kwamba anaiamuru.

Filamu haikusikia. Iliendelea. Nyuma ya mlima kulikuwa na jumba la mfalme, na binti aliyekuwa anacheka akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe, milango ikafungwa. Nywele zikaanza kuwa nyeupe. Hapo Tairi akashika kichwa. Hapo Mama Chaki akaacha kusoma. Wote wawili walikuwa wameshajua kinachokuja, kwa sababu walishakiona, mara nyingi, kikiwa mwanzo.

Vita. Pumzi. Udongo. Mvua. Vidole, pua, nywele.

Kioo kikawa cheusi. Majina yakaanza kupanda, mengi, kwa maandishi ya kigeni, na hakuna mto tena.

"Amekufa?" akauliza Chiriku. Ilikuwa mara ya kwanza siku hizo sauti yake kutoka na kitu ndani. "Mama, amekufa kabisa?"

Mama Chaki, aliyemwambia mtoto huyu huyu kila ukweli wa dunia bila kupepesa jicho, alifungua mdomo na ndiyo haikutoka. Kifo cha filamu hakikuwa neno. Alikuwa amezika mama wa kweli. Kilichomshtua ni kwamba ameishi miaka yote hiyo juu ya sakafu, na leo ameinua mkeka akakuta hapakuwa na sakafu, na hata hivyo hakuanguka.

"Mjomba," akasema. "Ile filamu ilikuwa kanda mbili."

Kipaza akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Uliitia ya pili kwanza."

Ndiyo.

"Ile lugha yao, ulikuwa unaijua?"

"Uliwahi kunisikia naiongea?"

"Kumbe ulikuwa gizani kama sisi!" Tairi akadakia. "Na ulituambia unajua lugha saba!"

"Nilijua hii moja," akasema Kipaza. "Ikanitosha. Vibandiko vya kanda vilikuwa vimebanduka kwa joto. Filamu yenyewe huwa sikuitazama kabla, mafuta ya jenereta hayakuwa ya kuchezea. Mimi na wateja tuliiona pamoja. Basi nimewaliza watu, nimemyeyusha binti wa watu mpaka amekuwa uji, natia kanda inayofuata, huyo hapo, anacheka! Jitu moja likapiga kelele benchi la nyuma, 'Kipaza, si umemuua huyu sasa hivi?' Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Neno likatoka."

"Udongo haufi," akasema Mama Chaki polepole.

"Hilo hilo. Hata mimi nililisikia likiwa tayari limeshatoka."

"Na kesho yake? Uliona umekosea. Kwa nini hukurekebisha?"

Kipaza akageuza uso ule wenye macho ya ukungu upande ilikotoka sauti ya Mama Chaki. Hakuonekana kama mtu anayetubu. Alionekana kama anayeulizwa kwa nini alifunga mlango mvua ikinyesha.

"Wewe hukuwa unakula. Umesahau. Tangu msiba ulikuwa unalala nyuma ya magunia, ukipewa kijiko unakifumbia mdomo. Asubuhi baada ya ile filamu nimetoka, nakukuta na kaka yako nyuma ya jenereta, tope mpaka puani, mnafinyanga. Ukaniangalia ukasema, 'Mjomba, nina njaa.' Sasa niambie, mkaguzi, ningerekebisha wapi?"

Tairi alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, anajipaka weusi. Mama Chaki alimtazama binti yake pale mkekani, magoti yamekumbatiwa. Akaona kitu ambacho hata mwalimu hakukiona, wala yeye mwenye macho ya kuona uzi ulioruka. Mtoto alijua kila kitu kuhusu magodoro. Alikijua, akakiona hakikaliki, akageuza kanda. Ilimpiga kama kofi.

"Babu," Chiriku akamvuta mzee suruali. "Halafu inakuwaje? Baada ya mvua?"

"Mimi nimefunga, mjukuu wangu. Mama yako ameniamuru. Na hapa niko safarini."

"Safari imefutwa," akasema Mama Chaki. "Kaka, shusha begi."

"Dada, nimeazima gari la watu..."

"Shusha begi, Tairi!"

Tairi akaenda. Begi likarudi chini ya kitanda.

"Haya, Mjomba. Na amri nimeifuta. Sema."

Kipaza akajinyoosha kwenye kiti. Uso ulikuwa umeanza kupata ule ujanja wa zamani. "Safari umefuta, amri umefuta. Na deni je?"

"Deni gani tena?"

"Umesahau sheria ya banda? Mtoto asiye na kiingilio anaingiaje?"

Yote yakamjia Mama Chaki mara moja, kama maji yaliyokuwa yamezibwa. Mtoto asiye na kiingilio aliingia kwa ahadi ya kuleta kipande kesho yake. Kipande cha hadithi, cha kwake mwenyewe, hakuna kuiba kwa mwenzio. Ukifika mlangoni unamnong'oneza Kipaza: kulikuwa na mbuzi aliyemeza redio, kulikuwa na bwana harusi asiye na kivuli. Hata wao, damu yake, hawakusamehewa.

"Vile vipande..." akasema. "Mjomba, ulikuwa unavipeleka wapi?"

"Kwenye filamu! Ulidhani nilikuwa navila? Watu wanazungumza kule robo saa na mimi sijui wanasema nini, nikae kimya? Nusu ya filamu mlizozililia ni nyinyi wenyewe mliziandika, na pua zenu zenye makamasi."

"Mimi nilitoa ya mbuzi!" Tairi akapiga kelele toka mlangoni. "Mimi sidaiwi!"

"Wewe hudaiwi. Huyu anadaiwa. Ulipoanza kwenda kwa fundi cherehani kujifunza, uliingia mara ya mwisho kwa mkopo, ukasema, 'Mjomba, kesho.' Kesho yake ukawa mtu mzima. Nimesubiri."

"Mjomba, mimi sijui hadithi. Nimesahau. Ninachojua mimi ni makosa."

"Basi sipokei na sisemi. Deni ni deni."

Chiriku alikuwa amegeuka, anamtazama mama yake kwa mshangao kama anayemwona ng'ombe ameambiwa aimbe. Mama Chaki alijiona mjinga. Akasafisha koo. Akatazama dirishani, akatazama dari.

"Basi," akasema. "Mvua ikamyeyusha, akawa tope."

"Hiyo tumeiona," akasema Chiriku.

"Nyamaza, nalipa. Tope likaingia mtoni. Mto nao... mto ukachotwa na mashine za maji. Akapita kwenye mabomba, chini ya barabara, giza totoro, anahesabu kona. Huko juu, kwenye ua mmoja, kulikuwa na mwanamke mkali. Ana mdomo, watu wanavuka upande wa pili wakimwona. Asubuhi anafungua bomba ajaze ndoo. Bomba likakohoa. Likatema tope. Likatema kidole gumba. Yule mwanamke akashika kiuno, akasema, 'Nani huyu amenichafulia maji yangu?'"

"Halafu?" Chiriku alikuwa amepiga magoti.

"Ndoo ikajibu, 'Ni mimi, dada. Naomba nguo, nasikia baridi.'"

Tairi aliangua kicheko kwanza, halafu Chiriku, cheko lile la zamani la kugonga ukuta. Mama Chaki mwenyewe aliweka mkono mdomoni, ameshtuka kama aliyekohoa akatoka chiriku hai.

"Akampa nguo?" akauliza Chiriku. "Mama, alimpa?"

"Sijui! Deni ni kipande kimoja, si gauni zima."

Kipaza alikuwa amefumba macho, anasikiliza mpaka mwisho, kama anayeonja kama chumvi inatosha. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya kwenye mlango wa banda. Mama Chaki akakipiga kwa kiganja chake.

"Nimepokea," akasema mzee. "Hudaiwi tena. Pita ndani."